Kusafisha Kabureta ya Mashine ya Kupulizia Mikorosho kwa Vifaa vya Nyumbani

Mikorosho ikianza kutoa machipukizi, mwezi wa tano kuelekea wa sita, mashine za kupulizia hutolewa stoo kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea, na swali huwa lile lile: "Mwaka jana niliiweka nzima, mbona leo navuta kamba mpaka bega linauma na haiwaki?" Wengine wamekwisha kuambiwa kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, wakanunue nyingine. Kabla hujatoa hela hiyo, fuata hatua hizi. Mara nyingi kabureta yenyewe ni nzima, ila imeziba.

Inaziba kwa sababu ya petroli iliyobaki ndani tangu ulipomaliza kupulizia. Sehemu nyepesi ya petroli hupaa, nzito inabaki na kuganda kama gundi ya kahawia. Tundu la jeti, kile kipande cha shaba kinachopima petroli, ni dogo kuliko kichwa cha pini, kwa hiyo gundi kidogo tu inatosha kulifunga. Walioko Mikindani, Lindi mjini na Kilwa wanaongezewa na hewa ya bahari, na wote tunaongezewa na salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, ambayo ikikutana na unyevu inakula chuma na kuchafua shaba. Nadharia iishie hapo.

Mwongozo huu ni wa kabureta yenye bakuli chini na boya ndani yake, ambayo ndiyo iko kwenye bloa (mashine za kupulizia) nyingi za bei nafuu, pampu za maji na jenereta ndogo. Kama mashine yako ina kipira cha plastiki unachobonyeza kabla ya kuwasha na kabureta haina bakuli, hiyo ni ya kiwambo. Nimeigusia mwishoni.

Kwanza hakikisha kosa liko kwenye kabureta

Watu wengi hukimbilia bisibisi. Subiri.

Mwaga petroli ya zamani yote, weka mpya iliyochanganywa na oili, vuta choki, jaribu tena. Kuna mashine zinapona hapo hapo. Zisipopona, fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, basi tafuta kosa kwenye cheche au petroli inaingia kupita kiasi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: plagi ikiwa nje, dondosha matone machache ya mchanganyiko wako wa petroli kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, funga vizuri, vuta kamba. Mashine ikishtuka, ikanguruma sekunde mbili tatu halafu ikazima, cheche ipo na injini ina nguvu. Kilichobaki ni njia ya petroli. Sasa una sababu ya kufungua kabureta. Isiposhtuka hata kidogo, anza na plagi mpya. Ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine hiyo.

Vitu vya kuwa navyo

- Spana namba 8 na namba 10
- Bisibisi bapa na ya nyota zinazoenea sawasawa kwenye vichwa vya skrubu
- Plaizi ndogo
- Mswaki wa zamani
- Waya mwembamba wa umeme wenye nyuzi nyingi ndani, kipande cha urefu wa kiganja
- Pampu ya baiskeli
- Petroli safi isiyo na oili, nusu lita
- Mafuta ya taa kidogo ya kuoshea uchafu wa nje
- Kopo la bati au la kioo, si la plastiki laini
- Sinia na kitambaa cheupe
- Simu ya kupigia picha

Dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki. Ukiwa nayo ni vizuri, inarahisisha vijia vidogo. Usipokuwa nayo kazi inaenda. Ningependelea utumie hela hiyo kununua gasketi ya bakuli na gasketi ya kati ya kabureta na injini, kwa sababu za zamani mara nyingi hukatika unapozibandua.

Hatari mbili za kuzingatia

Petroli na jiko la mkaa havikai ua mmoja. Fanya kazi nje, kivulini, pasipo sigara, pasipo jiko, na watoto wawe mbali. Pili, salfa ya unga nayo inashika moto. Mashine ikiwa imejaa unga, toa salfa yote kwenye tangi lake na ufute mwili mzima kabla ya kugusa petroli au kujaribu cheche. Usijaribu cheche karibu na kopo la petroli, hata kama "ni mara moja tu".

Kazi yenyewe

1. Osha nje kwanza. Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, sugua kabureta na sehemu zinazoizunguka mpaka mchanga na salfa vitoke, kisha kausha kwa kitambaa. Ukiruka hatua hii, uchafu wa nje utauingiza ndani kwa mkono wako mwenyewe.

2. Funga koki, chomoa mpira wa petroli, mwaga tangi. Itazame petroli unayoimwaga. Ikiwa nyekundu iliyokolea na inanuka kama rangi ya kupaka mlango, imekwisha kuharibika. Ukiona matone yanatembea chini ya kopo bila kuchanganyika, hayo ni maji. Petroli ya chupa ya barabarani ina tabia hiyo, hasa chupa ikiwa ilioshwa ikajazwa kabla ya kukauka.

3. Piga picha. Piga kila upande kabla ya kufungua chochote: waya wa mafuta (unaoongeza mwendo wa injini) unapita wapi, mpira upi uko wapi, choki imelala vipi. Kesho picha hiyo itakuwa fundi wako.

4. Toa kifuniko cha filta na sponji yake. Sponji ikiwa ya njano kwa salfa, ioshe kwa maji na sabuni, ikamue bila kuinyonga, ianike. Ikikauka ipake oili kidogo na uikamue tena, kama kitabu cha mashine yako kinaruhusu. Sponji iliyochanika usiirudishe. Salfa na mchanga vikiingia kwenye silinda vinaila taratibu, na hiyo hasara haisafishiki.

5. Fungua kifuniko cha juu cha kabureta kinachoshika waya wa mafuta. Pistoni ndogo itatoka pamoja na springi na sindano ndefu. Iache ining'inie kwenye waya wake, uifunge kitambaa. Sindano ikipinda, ndiyo imekwenda. Ina mifereji midogo juu na kipini kimekaa kwenye mmojawapo. Tazama ni wa ngapi, piga picha, usiuhamishe.

6. Legeza nati mbili zinazoshika kabureta kwenye injini. Ukiitoa, zingatia mpangilio: kwa kawaida kuna gasketi, kipande kigumu cha kuzuia joto, kisha gasketi nyingine. Kipande hicho watu hukitupa wakidhani ni cha zamani. Ukikitupa, kabureta inachemka na mashine inazima ikipata moto.

7. Fungua bakuli. Hapa ndipo skrubu nyingi huharibikia. Ni laini, na kama zimekaa miaka mitatu kwenye hewa ya chumvi zimeng'ang'ania. Kandamiza bisibisi kwa nguvu kabla ya kuzungusha. Zikigoma, dondosha mafuta ya taa, gonga kitako cha bisibisi taratibu, uziache mpaka asubuhi. Usitumie bisibisi ndogo kuliko kichwa cha skrubu. Bakuli likifunguka, usiharakishe kulimwaga. Mchanga maana yake chujio la tangi limetoboka. Maji yanakwambia ubadilishe unakonunua petroli. Ukoko mweupe au wa kijani ni kutu ya maji na chumvi, na gundi ya kahawia ni petroli iliyolala.

8. Toa boya. Sukuma kijiti chake kwa ncha ya waya, taratibu, kisha inua boya pamoja na sindano yake ndogo. Ncha ya sindano hiyo iwe laini bila alama ya duara iliyozama. Ikiwa na alama, haitafunga petroli tena, nunua nyingine. Litikise boya karibu na sikio; ukisikia kitu kinacheza ndani, limeingia petroli nalo halifai.

9. Fungua jeti kubwa, ile ya shaba katikati. Kisha tafuta skrubu ya hewa pembeni mwa kabureta, yenye springi. Kabla ya kuitoa, izungushe kuelekea ndani polepole huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho. Usiikaze. Andika: mzunguko mmoja na nusu, au miwili, au vyovyote ulivyohesabu. Ndipo uitoe. Ukisahau kuhesabu, mzunguko mmoja na nusu ni mahali pazuri pa kuanzia kwenye kabureta nyingi.

10. Loweka vya metali tu. Mwili wa kabureta, bakuli na jeti viingie kwenye petroli kwa saa moja au mbili, gundi ikiwa nzito hata usiku kucha, kopo likiwa limefunikwa na liko nje ya nyumba. Mipira, gasketi, boya na sindano yenye ncha ya mpira visiloweshwe. Vipanguse tu.

11. Safisha jeti. Hii ndiyo kazi iliyokuleta, ipe muda. Menya waya wa umeme, toa uzi mmoja wa shaba, upitishe kwenye tundu, uvute mbele na nyuma, uchovye petroli, urudie. Inua jeti uelekeze angani: unatakiwa kuona duara safi la mwanga lisilo na nywele wala ukingo uliochongoka. Ukiona mwanga hafifu au wa pembe, bado. Fundi wa haraka atakwambia tumia sindano ya cherehani au pini. Kataa. Chuma kigumu kinapanua tundu, na jeti iliyopanuliwa inapitisha petroli nyingi maisha yake yote. Msasa nao usiguse ndani ya kabureta.

    Chini ya jeti kubwa kuna bomba fupi lenye vitundu ubavuni. Likitoka, litoe, kila kitundu kipitishiwe waya. Halafu kuna njia ya mngurumo wa chini, yaani injini ikiwaka bila kuongezwa mafuta, yenye tundu jembamba zaidi, mara nyingi limejificha karibu na skrubu ya hewa. Hilo ndilo watu hulisahau, na ndiyo maana mashine yao inawaka ikiwa na choki tu. Hakikisha unapajua petroli inapoingilia na inapotokea.

12. Puliza. Bana ncha ya pampu ya baiskeli kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, usukume hewa. Ziba matundu mengine kwa kidole usikilize hewa inatokea wapi. Pasipotoka hewa, dondosha petroli, subiri, puliza tena. Usipulize kwa mdomo kabureta iliyoloweshwa petroli, na kinga macho, maana inarukia usoni.

13. Kutu ya kijani au nyeupe isiyotoka kwa petroli. Tumia siki nyeupe au maji ya ndimu yaliyochujwa, dakika kumi hadi kumi na tano, si zaidi. Tindikali hiyo haichagui. Ukiisahau ukaenda mnadani kuuza korosho, utakuta imeanza kula mwili wa kabureta. Suuza kwa maji mengi, puliza kila tundu, anika juani mpaka ikauke kabisa, kisha suuza tena kwa petroli.

14. Rudi kwenye tangi. Kusafisha kabureta ukaacha tangi chafu ni kujichosha. Toa koki, osha chujio lake, suuza tangi kwa petroli kidogo mpaka itoke safi. Pinda mpira wa petroli. Ukiona nyufa, badilisha. Kisha angalia mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kuingizia hewa, nacho salfa hukipenda sana. Kizibue.

15. Rudisha kwa kurudi nyuma. Jeti ikazwe kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa bisibisi, basi. Shaba haipendi mabavu. Skrubu ya hewa irudishe ndani mpaka iguse, kisha irudishe nje kwa hesabu uliyoandika. Boya likirudi, geuza kabureta juu chini: boya lilale sambamba na ukingo wa bakuli. Kabla ya kufunga bakuli, chomeka mpira mkavu na safi pale petroli inapoingilia, upulize kidogo. Kabureta ikiwa wima, hewa ipite. Ukiigeuza juu chini, hewa ikatike. Usipoona hivyo, sindano au boya halijakaa.

16. Gasketi. Iwe nzima na ikae mahali pake. Gundi ya gasketi ya kwenye tyubu usiitumie kwenye bakuli. Petroli huilainisha, vipande vinameguka na kuziba jeti uliyoisafisha leo. Kama hukupata gasketi ya kabureta na injini, karatasi ya gasketi inauzwa kwa vipande. Kata kwa kufuatisha ile ya zamani.

17. Pistoni ndogo. Ina mfereji unaoingia kwenye kijiti cha ndani, na upande uliokatwa mshazari utazame filta. Ukimaliza kufunga, vuta mkono wa mafuta na uuachie: lazima urudi kwa kishindo wenyewe. Usiporudi, usiwashe. Mashine inayowaka mafuta yakiwa wazi ukiwa umeibeba mgongoni ni balaa.

18. Changanya petroli mpya. Kipimo kimeandikwa kwenye mfuniko wa tangi au kitabu cha mashine. Kikiwa 25 kwa 1, ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Kikiwa 50 kwa 1, ni mililita 20. Oili iwe ile maalumu ya injini za kuchanganya. Ya gari haifai, na oili chafu ndiyo kabisa. Changanya kwenye chupa safi, tikisa, kisha mimina. Jenereta na pampu za maji zenye oili yake chini hazichanganywi.

19. Washa. Fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, angalia kama kuna kuvuja. Mashine ikiwa chini, si mgongoni, vuta choki, vuta kamba. Ikishika, ondoa choki taratibu, iache ipate moto dakika mbili tatu. Ndipo uguse skrubu ya hewa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka mngurumo wa chini utulie.

Ikigoma baada ya kusafisha

*Petroli inamwagika kutoka kwenye kabureta.* Sindano ya boya haifungi au kijiti cha boya kimekaa vibaya. Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Wakati mwingine boya limenasa tu. Ikiwa inavuja pembeni mwa bakuli, ni gasketi. Gasketi ya mpira iliyovimba kwa petroli ikakataa kuingia kwenye mfereji wake, ianike juani mpaka kesho, mara nyingi hunywea ikaingia.

*Inawaka na choki, ukitoa choki inazima.* Njia ya mngurumo wa chini bado imeziba, au hewa inaingia kwenye gasketi ya injini. Rudi hatua ya 11. Usipulizie shamba ikiwa hivyo. Petroli pungufu maana yake oili pungufu, na pistoni ya injini itakwama.

*Inapanda yenyewe, inalia bila kushikwa.* Zima mara moja. Pistoni ndogo imewekwa kinyume, waya umekaza mno, au gasketi inapitisha hewa.

*Inaenda vizuri dakika kumi, inazima, ukiiacha inawaka tena.* Legeza mfuniko wa tangi uone. Ikiendelea vizuri, ni kile kitundu cha hewa. Watu wamelipia kabureta mpya kwa kosa hili.

*Inanguruma vizuri, ukiipa mafuta inafifia.* Jeti kubwa bado ina uchafu, au chujio la tangi. Tazama pia wavu wa silensa, huziba kwa masizi.

*Moshi mzito mweupe.* Oili imezidi, au choki haijarudi. Kwenye mashine iliyolala muda mrefu, moshi wa dakika za mwanzo usikutishe.

Zile za kiwambo

Hizi hazina boya, zina utando mwembamba wa mpira. Ukifungua ukaukuta mgumu, wenye mikunjo kama karatasi, kusafisha hakutasaidia; nunua seti ya viwambo na gasketi zake, ni nafuu mno kuliko kabureta. Peleka kabureta yenyewe dukani ulinganishe, kwa sababu zinafanana kwa macho lakini matundu hayalingani. Kumbuka mpangilio: upande mmoja gasketi inatangulia, upande mwingine kiwambo kinatangulia. Picha ya simu tena. Na usiipulize kwa pampu viwambo vikiwa ndani, utavichana.

Ukimaliza msimu

Mzunguko wa mwisho wa kupulizia ukiisha, mwaga petroli yote ya tangi, washa mashine iunguze iliyobaki mpaka ijizime, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli matone ya mwisho yatoke. Toa plagi, tia matone machache ya oili kwenye silinda, vuta kamba mara mbili polepole, rudisha plagi. Futa salfa mwili mzima, osha sponji, funika kwa kiroba kilicho wazi chini ili unyevu usijifungie ndani. Usiiweke juu ya magunia ya salfa iliyobaki.